Usiulize Umri Wao, Uliza Nyumba ni ya Nani

Katika maduka ya vitabu ya Marekani na Canada, riwaya za mapenzi zinazohusu wanamichezo zimekuwa biashara kubwa. Wapenzi wengi humo ni wachezaji wa hoki ya barafuni, lakini wapo pia wa futiboli ya Kimarekani, besiboli na tenisi. Ndani ya kundi hilo kuna tawi moja ninalolisoma kwa hamu kuliko mengine. Mwanamke ametoka kwenye ndoa iliyovunjika. Ana miaka 38, au 42, ana mtoto mmoja au wawili, na hajui hata pa kuanzia kutafuta kazi. Anakutana na mchezaji ambaye ama amemzidi umri kwa mbali ama, katika zile ninazozipenda zaidi, ni mdogo kwake kwa miaka kumi na kuendelea. Wanapendana, watu wanasema, wanagombana, wanapatana. Mwisho sharti uwe wa furaha, maana msomaji ameilipia furaha hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Watu wengi wanaojali fasihi hawazigusi riwaya hizi. Wanasema ni njozi za wanawake waliochoka. Mimi nazitetea, na sababu yangu ni moja. Zikiandikwa vizuri, zinauliza jambo ambalo wazazi, viongozi wa dini na waandishi wetu wengi hulipita kando: mwanamke aliyeachika anapoanza upya, anaanzia wapi, na ana nini mkononi? Watu hushika umri. Huyu ana miaka mingapi, yule mingapi, nani atamzika mwenzake. Kwangu umri ni swali dogo. Kubwa ni kama siku penzi hilo likiharibika mwanamke atafunga mlango abaki ndani, au ni yeye atakayebeba mabegi.

Pengo la umri halikuingia kwenye riwaya za mapenzi juzi. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ikaanza Winnipeg, Canada, mwaka 1949. Kwa miongo mingi riwaya zao zilimwoza msichana wa miaka ishirini hivi kwa daktari, bosi au tajiri wa miaka thelathini na kitu. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamume alikuwa mkubwa, ana mali na gari, msichana alikuwa na uzuri na usichana wake, ndoa ikafungwa na kitabu kikaisha. Aliyewahi kuolewa hakuwa na nafasi humo, labda awe yule mke wa zamani mwenye roho mbaya anayekuja kuvuruga mambo sura ya saba.

Mabadiliko yalianzia kwenye sheria. Mwaka 1969 Ronald Reagan, akiwa gavana wa California na mwenyewe akiwa ameshaachana na mke wake wa kwanza, alitia saini sheria iliyowaruhusu wanandoa kuachana bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake. Ilianza kutumika Januari 1, 1970, na majimbo mengine yakafuata. Baada ya miaka kumi wanawake walioachika walikuwa wengi kiasi cha wachapishaji kuwaona kuwa ni wateja. Mwaka 1981 kampuni ya Jove ikazindua mfululizo ulioitwa Second Chance at Love, ambao wahusika wake wakuu wa kike waliruhusiwa kuwa wajane au walioachika, watu wazima waliokwishaonja machungu. Wanawake hao waliingia vitabuni kwa kupitia mahakamani, na harufu ya mahakama haijawatoka hadi leo. Riwaya nyingi nzuri za aina hii zina mwanasheria ndani yake, zina mabishano kuhusu watoto watalala kwa nani Krismasi, zina hesabu ya nani atalipia nini.

Michezo ilichelewa kidogo. Susan Elizabeth Phillips, Mmarekani ambaye kwangu ndiye fundi mkuu wa aina hii, alitoa It Had to Be You mwaka 1994. Phoebe Somerville anarithi kwa baba yake timu ya futiboli iitwayo Chicago Stars, timu ya kubuni, na anairithi kwa masharti magumu. Kocha wa timu, Dan Calebow, ambaye ameachana na mkewe, anajikuta yuko chini ya mwanamke asiyejua mchezo wenyewe. Hebu utazame mpango huo. Kabla hawajashikana hata mikono, mwandishi ameshampa mwanamke funguo za uwanja. Kila wanapogombana, wanagombania kwa Phoebe. Dan anaweza kupaza sauti apendavyo, lakini mshahara wake unatoka upande wa pili wa meza.

Riwaya yake nyingine, Nobody's Baby But Mine ya mwaka 1997, haina pengo kubwa la umri, lakini hakuna kitabu kilichonifunza zaidi kuhusu umri na michezo. Cal Bonner ni kwotabeki wa Chicago Stars, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi. Ana miaka 36. Kwa mwalimu au mwanasheria huo ni umri wa kuanza kupandishwa cheo. Kwa kwotabeki jua limeshainama, na kijana mwenye mkono wenye nguvu anasubiri kwenye benchi. Cal hatembei na mwanamke yeyote isipokuwa wasichana wa miaka ishirini na ushee. Anaingia Jane Darlington, msomi wa fizikia mwenye miaka 34, na kwa kuwa anazijua tabia za Cal anamdanganya kwamba ana miaka 28. Ukweli unapofichuka Cal anawaka hasira. Jane ni mdogo kwake kwa miaka miwili, na bado Cal anamwona mzee!

Phillips hamwachi Cal hapo. Taratibu tunaelewa kwamba wale wasichana walikuwa dawa ya hofu. Akikubali kwamba mwanamke wa miaka 34 ndiye wa rika lake, amekubali kwamba yeye mwenyewe ni mtu mzima, na kwamba mchezo uliompa jina unakaribia kumtupa nje. Hajui kitu kingine cha kufanya. Ukiyasoma hayo ukiwa na moyo, hukasiriki naye, unamwonea huruma, kwa sababu hata huku kwetu yumo mchezaji wa namna hiyo karibu kila mtaa: alikuwa beki hodari, goti likaharibika, klabu haikuongeza mkataba, na akiwa na miaka 31 anaitwa mkongwe huku baba yake mzazi bado yuko kazini.

Hiki ndicho michezo inachokifanya kwenye riwaya ya mapenzi ambacho ofisi au hospitali haiwezi kukifanya. Michezo inauvuruga umri. Roger Milla alifunga mabao manne Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, baada ya kuwa ameshastaafu timu ya taifa ya Cameroon na kuombwa arudi. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, na mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Angeweza kuishia hapo. Aprili 2013 akaenda Hamburg kukimbia maratoni yake ya kwanza, akashinda, na yaliyofuata dunia nzima inayajua. Mwanamichezo anaweza kuwa mzee kesho asubuhi na kijana tena mwakani, akibadilisha mbio.

Sasa mweke mtu wa namna hiyo mbele ya mwanamke aliyetoka kwenye talaka. Yeye ana miaka 43, mchezaji ana 32. Majirani wanaona mama na kijana. Mwandishi mzuri anaona watu wawili wanaopokea habari ile ile kwa nyakati tofauti. Mwanamke alikuwa mke kwa miaka kumi na saba, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na cheo chake, akaamka siku moja hakipo. Amelia, amehama, amejifunza kujaza fomu za kodi, amezoea kula chakula cha jioni peke yake. Mchezaji ndiyo kwanza anaanza kuyaona hayo. Katika elimu ya kupoteza kila kitu na kuamka kesho yake, mwanamke ni mkubwa wake kwa vidato vingi, na anachompa mwanamume, pamoja na mapenzi, ni ushahidi kwamba mtu anaweza kupita upande wa pili akiwa mzima. Riwaya inayolijua hilo haihitaji kumwonea aibu mwanamke kwa miaka yake. Miaka yake ndiyo mali yake.

Lakini mali ya kweli nayo ihesabiwe. Hapo ndipo namkumbuka Terry McMillan, mwandishi Mmarekani mweusi aliyetoa How Stella Got Her Groove Back mwaka 1996. Hakuna michezo humo, ila bila kitabu hicho nadhani nusu ya riwaya ninazozizungumzia zisingeandikwa kama zilivyo. Stella Payne ana miaka 42, ameachika, ana mtoto wa kiume, ana kazi ya fedha na nyumba yake California. Anakwenda Jamaika kupumzika na huko anakutana na Winston, kijana wa miaka 20 anayekaribia 21. Wasomaji wengi wanakumbuka ufuo na usiku. Mimi nakumbuka nauli. Stella analipa safari zake mwenyewe. Hata kazi inapomponyoka, nyumba ni yake, gari ni lake, na Winston anapokuja Marekani anakuja kwa Stella. Kwa hiyo anapojiuliza kama anampenda, anajiuliza hilo tu. Hajiulizi atakula nini akikosea.

McMillan aliandika kutokana na maisha yake. Alikuwa amekutana na kijana wa Kijamaika mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, wakaoana mwaka 1998, na mwaka 2005 ndoa ikavunjika kwa kelele nyingi baada ya mume kusema kwamba yeye ni shoga. Nakumbuka jinsi watu walivyofurahi. Walisema: mnaona? Kana kwamba talaka ya mwandishi imekuja kukifuta kitabu. Ile furaha iliniumiza na bado inaniuma. Ndoa za wanaume na wanawake wa rika moja huvunjika kila siku na hakuna anayesema rika moja ni kosa. Mwanamke alipenda, akaishi na mtu kwa miaka kadhaa, akadanganywa, akaenda mahakamani, akarudi kuandika vitabu vingine. Alikuwa na pa kurudi. Kwangu hapo ndipo Stella alipokuwa sahihi kuliko wote waliomcheka.

Miaka ishirini na moja baada ya kitabu cha Stella, mwaka 2017, Robinne Lee alitoa The Idea of You. Solène ana jumba la kuuza picha za sanaa Los Angeles, ameachana na mumewe, ana binti anayeingia ujanani, na anapendana na mwimbaji wa miaka 20 wa bendi ya vijana. Yeye ana 39. Fedha si tatizo lake. Tatizo ni magazeti, mashabiki na shule ya binti, ambako mtoto anateswa kwa sababu ya mama yake. Riwaya inaisha kwa Solène kumwacha kijana kwa ajili ya binti. Filamu iliyotoka mwaka 2024, ambayo Anne Hathaway ndiye Solène, iliwakutanisha tena baada ya miaka mitano. Wapenzi wa kitabu walinung'unika kwamba Hollywood imeongeza sukari. Mimi nasimama na filamu. Mama anayejinyima hadi mwisho tunaye tayari, tumekuwa naye kwenye kila hadithi tangu tunazaliwa, na kumvika nguo za Los Angeles hakumfanyi kuwa mpya. Miaka mitano ya kusubiri binti akue ni malipo makubwa ya kutosha. Baada ya hapo mwachieni mtu aishi.

Nasikia msomaji akisema hayo ni ya Wazungu na Waamerika. Hapana. Kila Mwislamu wa pwani amefundishwa madrasa kwamba Bibi Khadija alikuwa mjane na mfanyabiashara mkubwa wa Makka, na kwamba kwa mapokezi yaliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40 alipoolewa na Mtume Muhammad, ambaye alikuwa na 25. Misafara ilikuwa yake. Kijana aliyemsimamia biashara alionekana mwaminifu, na pendekezo la ndoa likatoka upande wa Khadija, kwa kupitia rafiki yake Nafisa. Hatujafundishwa kuiona aibu ndoa hiyo. Tumefundishwa kuiona kuwa miongoni mwa ndoa bora zilizowahi kuwapo. Dini imetupa mfano wa mwanamke aliyeolewa kabla, mwenye mali yake, aliyemzidi mumewe umri, na sisi tukatoka msikitini tukaenda kumsema jirani.

Tena tunasema kwa ukatili. Mwanamke wa miaka arobaini akionekana na kijana, kijana ataitwa serengeti boy, jina lililochukuliwa kwenye timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, na yeye ataitwa jimama. Hata bila kijana, kuachika peke yake kunatosha kumwondolea mtu sauti. Niliwahi kukaa kwenye kicheni pati moja Dar es Salaam, meza moja na mwanamke aliyekuwa ameachika mwaka ule baada ya kuendesha nyumba kwa miaka mingi na kulea watoto wanne. Alikuwa ameleta seti nzima ya masufuria, nzuri, ya gharama. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa waliomo ndani ya ndoa waje mbele kumfunda bibi harusi. Yule mama aliinuka nusu, kwa mazoea. Jirani yake akamvuta pindo la kanga, polepole, bila kumtazama. Akakaa. Aliyepewa kipaza sauti wa kwanza alikuwa msichana aliyeolewa miezi michache nyuma, akaanza kueleza namna ya kumtunza mume.

Mwanamke huyo alijua mambo ambayo bibi harusi angeyahitaji kuliko yote yaliyosemwa jioni ile. Angeweza kumwambia jina liandikwe kwenye hati. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba ili mume aende kazini, vyote vikahesabiwa. Uamuzi huo unatajwa mahakamani hadi leo. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwishapewa na mumewe na kuzitumia vibaya zilikuwa ndiyo fungu lake. Alishinda hoja, akakosa nyumba. Wanawake waliomfuata ndio wanaokula matunda yake. Nikimsoma Bi Hawa naona riwaya nzima ambayo hakuna aliyeiandika, inayoanzia siku anayotoka mahakamani na kupanda basi.

Nimezisifu riwaya hizi, sasa niseme zinapopotoka. Zipo nyingi ambazo mwenye umri mkubwa ni kocha, mmiliki wa timu au daktari wa timu, na mdogo ni mchezaji wa kike. Kocha ni mkali, mkimya, ameachika, ana majeraha ya moyo. Anamchagulia msichana chakula, usingizi, viatu, marafiki. Mwandishi anayaita hayo mapenzi, na msomaji anaambiwa ayaone kuwa ni kujali. Mimi siwezi. Marekani yenyewe, baada ya kashfa ya Larry Nassar, daktari aliyewadhulumu kingono mamia ya wasichana wa jimnastiki, imeona ilipofikishwa na imani kwamba mtu mzima wa timu anajua kilicho bora kwa mwili wa msichana. Kituo cha SafeSport kilichoanza kazi huko mwaka 2017 kinakataza uhusiano wa kimapenzi pale mmoja ana mamlaka juu ya mwingine. Mwandishi anayeendelea kupamba mamlaka hayo kwa mishumaa hana kisingizio cha kutojua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu kubwa zaidi ya kulichukia jambo hilo, na sababu hiyo ina majina. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa kijana wa miaka 19, na mshindi wa medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 2017 na 2019. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee kule Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata, Oktoba 13, alikutwa amekufa nyumbani kwake Iten, mwili una majeraha ya kisu. Alikuwa na miaka 25. Mumewe, aliyemzidi umri kwa mbali, alishtakiwa kwa mauaji na akakana. Rebecca Cheptegei, Mganda, alikimbia maratoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Septemba 1 alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Akafariki Eldoret siku nne baadaye, akiwa na miaka 33. Ugomvi, ilielezwa, ulikuwa wa ardhi ile aliyonunua na kujenga.

Nitaje tena neno hilo: ardhi. Watu wa Iten na Eldoret wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi jinsi mambo yanavyokwenda. Msichana wa kijijini anaonekana ana mbio. Anatokea mwanamume mkubwa kwake, anajitambulisha kuwa kocha, anamlipia kodi ya chumba na viatu. Baada ya muda ni mpenzi, kisha mume, kisha meneja wa akaunti. Fedha za zawadi zinakuja kwa yuro na dola, zinageuka kuwa mashamba na nyumba za kupangisha, na msichana hajui hati ziko kwa jina gani mpaka siku anapotaka kuondoka. Familia na rafiki zake Tirop walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanariadha wanaoteswa nyumbani, na kazi hiyo inatakiwa sana. Siandiki haya kuwafananisha wafu hawa na wahusika wa riwaya. Naandika kwa sababu anayesoma kuhusu kocha mkali mwenye mapenzi mazito, akiwa amekaa Kapsabet au Arusha, anasoma juu ya mtu anayemjua, na mwandishi amemwambia avumilie, moyo wa mwanamume huyo utalainika ukurasa wa mia tatu.

Kwa hiyo kipimo changu kwa riwaya ya mapenzi ya michezo ni kile kile, awe mwanamke ndiye mkubwa au ndiye mdogo. Naangalia akaunti, naangalia hati, naangalia nani ana gari na nani anaomba lifti. Phoebe ana timu. Stella ana nyumba. Solène ana biashara yake. Walipopenda walikuwa wamesimama kwao. Riwaya inayomchukua mwanamke kutoka kwa mume wa kwanza ikampeleka moja kwa moja kwenye kasri la mchezaji tajiri, bila hata mwezi mmoja wa kulipa kodi yake mwenyewe, imembadilishia mwenye nyumba, basi.

Fasihi yetu ya Kiswahili inamjua mwanamke aliyevunjikiwa, ila mara nyingi imemtumia kama onyo. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, mwaka 1971, anajiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwaka 1980, talaka ya Bi Tamima ni sehemu ya kusambaratika kwa nyumba nzima. Ni riwaya kubwa, nazipenda, na waandishi wake walikuwa wanaishtaki jamii kwa haki. Ninachodai ni kitabu kingine kando yake. Nataka kumsoma mwanamke wa Tanga mwenye miaka 41, aliyejivua kwa khului na kurudisha mahari, aliyemaliza eda kwa dada yake na sasa anakodi fremu karibu na uwanja wa Mkwakwani, anashona jezi za timu za mitaa. Nataka ukurasa wa kwanza uwe mkataba wa fremu hiyo: kodi ya miezi sita mbele, sahihi yake, jina lake. Kijana aje baadaye, beki wa kushoto wa miaka 30 aliyeachwa na klabu dirisha la usajili lilipofungwa, alete jezi ishirini za kushonwa namba na asiwe na fedha za kulipa zote. Mengine mwandishi atayajua.

Wachapishaji watasema kitabu hicho hakiuziki, na wanaposema hivyo wanamaanisha hakiwezi kuingia kwenye orodha ya vitabu vya shule, kwa sababu biashara yao imeegemea shule. Na waandike upya hesabu zao. Kila jioni wanawake wa Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza wanasoma hadithi za mapenzi kwenye simu, kipande kwa kipande, katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Mwandishi anakata hadithi pale moyo unapodunda, anaweka namba ya simu, na wasomaji wanatuma fedha ili wapewe sehemu inayofuata. Wengi wao wameolewa, wengine wameachika, wengine wako katikati wakihesabu watakachobaki nacho. Hawajawahi kumwomba mchapishaji yeyote ruhusa ya kusoma, na wanalipa kabla ya kusoma.